Pori lenye michezo mingi

Arusha

Ndugu yangu Shee,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, na ile halua uliyotuma haikuiona hata Ijumaa.

Mwanao anaendelea vizuri na masomo ya kuongoza watalii. Juzi alikuja amenuna, daftari mkononi. Walipewa sentensi ya Kiingereza waifasiri, kwamba pori fulani lina "game" tele. Yeye akaandika: "Pori hili lina michezo mingi." Darasa zima likaangua kicheko, maana hapo "game" ni wanyama wa kuwindwa, si michezo.

Nikamwambia hakupotea mbali. Waingereza wa kale walisema "gamen", maana yake furaha, mchezo. Wakubwa wao walistarehe kwa kuwinda. Wanormani kutoka Ufaransa walipoingia Uingereza mwaka 1066, mfalme akajitengea misitu ya kuwindia, na mkulima akigusa kulungu wa humo ana kesi. Mwishoni mwa karne ya 13 jina la starehe likawa limeshamhamia mnyama anayekimbizwa. Na neno lenyewe lina ujanja: ukikusudia wanyama, hulitii "s" mwishoni hata wawe elfu. Ukiitia tu, umerudi kwenye bao na karata.

Nikatoa ramani yangu ya zamani, ile iliyochanika kwenye mikunjo, nikamwonyesha Selous. Kiingereza kimeandika "Game Reserve". Sisi tunasema Pori la Akiba, mnyama hatumtaji kabisa. Tena huyo Frederick Selous mwenye jina lake alikuwa mwindaji mashuhuri. Aliuawa vitani mwaka 1917 pale Beho Beho, na kaburi lake liko humo humo porini. Tangu 2019 sehemu kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lakini ramani yangu haijapata habari.

Kilichomrudishia kicheko ni Bwana Nyama. Unakumbuka wazee walivyomwita yule ofisa wa "game" enzi za Mwingereza? Hakuna aliyesema Bwana Mchezo! Walimwona na bunduki yake, wakajua kazi yake ni nini, kamusi hawakuihitaji.

Basi kijana akanitazama, akasema: "Lakini ami, wao wamemwita mnyama mchezo, sisi tumemwita kitoweo. Nani amemheshimu?"

Shee, nilikosa jibu. Nikajifanya nakunja ramani. Maana ni kweli, mnyama na nyama ni shina moja, na ninyi huko Lamu mnasikia bado wazee wakisema "nyama wa mwitu" bila kumtia hiyo m. Hebu niulizie mmoja wao: akitamka "nyama", kinachomjia kwanza ni miguu minne au sufuria? Kijana wako anasubiri, na mimi nimeshamwahidi kwamba baba yake atajua.

Halua nyingine mpe mtu anayekuja Mombasa, nitajua namna ya kuifikisha huku. Mbili, tafadhali; moja ya mwanao.

Nduguyo,
Saidi