Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Itajeni Rwanda kwa jina

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,
Dodoma.

YAH: UKIMYA WETU KUHUSU ANAYEWAPA NGUVU WAASI WA M23

Mheshimiwa, pokea salamu kutoka Ubaruku, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Wenzangu wako majarubani, na mimi ningepaswa kuwa huko badala ya kukaa ghalani na kalamu. Barua mbili za mwanzo nilizipeleka kwa mkono katika ofisi moja ya serikali hapa mkoani. Ya kwanza ilipigwa muhuri, nikaambiwa inafanyiwa kazi. Ya pili nikaambiwa mambo ya Kongo ni ya wakubwa, nirudi nikauze mchele. Nilirudi nikauza mchele. Sasa mchele wenyewe ndio ulionirudisha kwenye kuandika, na safari hii naandika mbele ya watu wote.

Tarehe 4 Desemba, Rais Tshisekedi na Rais Kagame walikaa Washington wakatia saini makubaliano ya amani. Tarehe 10 Desemba, M23, waasi wa mashariki mwa Kongo, wakaingia Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Siku sita, Mheshimiwa. Ndani ya siku hizo sita kulikuwa na tani 16 za mchele wangu, viroba 640 vya kilo 25, zilizotoka hapa Ubaruku kwa lori kupitia Tunduma na Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga, zikapakiwa kwenye boti kwenda Uvira.

Mteja wangu ni mama mmoja wa Bukavu. Mimi namwita dada, yeye ananiita kaka. Bukavu ilipotekwa Februari alihamia Uvira akaanza upya na kibanda na depo ya kupanga. Ni mama anayejua mchele kuliko wengi wetu tunaoulima: anatia mkono katikati ya gunia, anatoa konzi, anaipuliza pumba, anatafuna punje tatu, halafu anakwambia kama mpunga ulianikwa siku mbili au nne. Kwa miaka yote niliyofanya naye biashara hajawahi kunidhulumu hata shilingi. Kwa hiyo nilimpa mali kauli, nusu alipe mbele, nusu akishauza. Mtaji wa nusu yangu ni mkopo, na hati ya nyumba ndiyo dhamana.

Usiku wa tarehe 9 alinitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mpaka nimeukariri. "Kaka, masasi inalia tangu asubuhi. Muchele iko mu depo, sina namna ya kuutoa. Tuko tunaenda Burundi na batoto." Nyuma yake kuna mtoto analia, anaulizia kiatu chake cha pili. Hapo unakatika. Tangu usiku ule simu yake haipatikani. Makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Burundi siku zile, na sijui yeye yuko kambi gani, au kama alifika.

Mheshimiwa, sikuandikii ili serikali inilipe mchele. Deni ni langu na nitapambana nalo. Nakuandikia kuomba jambo moja ambalo halina gharama ya bajeti: serikali yetu itamke hadharani kwamba Rwanda inawapa M23 askari na silaha, na iiambie Rwanda iache. Itajeni kwa jina.

Nasema hivi kwa sababu nimefuatilia matamko yetu kama mtu anavyofuatilia bei ya mpunga. "Pande zote zinazohusika." "Tunasikitishwa na hali inayoendelea." Tarehe 8 Februari mwaka huu mlikutana Dar es Salaam, wakuu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja, jambo kubwa, na sisi huku tulikaa kwenye redio tangu asubuhi. Wakuu wa majeshi wakapewa siku tano wakutane na kutoa mwongozo wa kusimamisha vita. Tamko likasema "majeshi ya kigeni yasiyoalikwa" yaondoke Kongo. Yasiyoalikwa ni ya nani? Na Rwanda ilipotajwa mle, ilitajwa kwa habari ya "hatua zake za ulinzi", maneno ambayo ni ya Rwanda yenyewe. Tarehe 14 Februari M23 walianza kuingia Bukavu. Mama yule alinipigia akaniuliza, "Kaka, bale bakubwa ba Dar walisema nini?" Nilishindwa kumjibu.

Na si kwamba ushahidi haupo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katikati ya mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako ndani ya Kongo wakipigana bega kwa bega na M23. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa kura zote 15, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe majeshi yake mara moja bila masharti. Na juzi, baada ya Uvira, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, amesema wazi kwamba vitendo vya Rwanda mashariki mwa Kongo vinavunja makubaliano yaliyotiwa saini Washington. Mmarekani hana mtoto aliyekufa Sake, karibu na Goma. Sisi tunao.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Uyole. Alikuwa katika kikosi cha SADC kilichopelekwa Kongo kuanzia Desemba 2023, Watanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini. Aprili 2024 kombora liliua Watanzania watatu. Januari 2025, siku za kuanguka kwa Goma, tukapoteza wengine wawili. Machi SADC ikakifunga kikosi, na vijana wakaondolewa kwa barabara wakipitishwa Rwanda, nchi ileile, hadi Chato. Mpwa wangu si msemaji. Lakini siku moja hapa ghalani alichota pumba kwa viganja viwili, akachuchumaa, akachora sakafuni: hapa Sake, hapa Goma, hapa ziwa, hapa vilima. Akaweka punje ya mpunga kila mahali bomu lilipoangukia. Halafu akaniangalia. "Mjomba, muasi wa porini analenga kwa kubahatisha. Hawa walikuwa hawabahatishi." Akaifagia ile pumba kwa mguu akatoka nje. Siulizi siri za jeshi, wala yeye hakunipa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa nao waliandika habari za makombora ya kuongozwa na mitambo ya kuvuruga mawasiliano. Vitu hivyo haviokotwi msituni.

Kwa ajili ya Kongo tumezika watoto wetu kwa muda mrefu, Mheshimiwa. Mwaka 2013 Baraza la Usalama lilipounda brigedi ya kupambana na waasi, kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Ukisikia jina hilo hapa Mbeya huulizi ametokea Tanzania gani. Agosti mwaka ule Meja Khatibu Mshindo aliuawa karibu na Goma, na kufikia Novemba M23 walikuwa wamepigwa wakakimbilia Uganda na Rwanda. Desemba 2017 kule Semuliki tulipoteza vijana wasiopungua 14 katika shambulio moja. Lile lilikuwa la ADF, kundi lingine lenye asili ya Uganda, lakini msiba hauulizi kundi.

Mwaka uleule wa 2013, kule Addis Ababa, Rais Kikwete alimshauri Rais Kagame hadharani azungumze na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Alishambuliwa kwa maneno makali, uhusiano wetu na Kigali ukaharibika kwa muda, na nchi haikuanguka. Ninakumbusha kwa sababu naambiwa kila mara kwamba diplomasia ya Tanzania ni ya kimyakimya. Haikuwa hivyo siku zote.

Nijibu mapema mambo ambayo wasaidizi wako watakuambia. FDLR wapo, ni kweli, na miongoni mwao wamo waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Rwanda ina haki ya kuwaogopa. Watutsi wa Kongo wamebaguliwa na kuuawa, ni kweli pia, na anayekataa hilo simuungi mkono. Serikali ya Kinshasa haiwatunzi askari wake na imewapa bunduki vijana wa kila kijiji. Uganda nayo imetajwa na wataalamu haohao. Hata Nairobi, Desemba 2023, ndiko muungano wa kisiasa wa M23 ulikotangazwa mbele ya kamera. Yote hayo nayakubali. Lakini kuilinda mipaka ya Rwanda hakumfikishi mtu Uvira, kwenye bandari ya Ziwa Tanganyika.

Mimi sina digrii, naona tu kama mfanyabiashara: pale mzigo unapoishia ndipo mwenye mzigo alipo. Mgodi wa Rubaya ulioko mashariki mwa Kongo unatoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini yanayotumika kwenye simu na vifaa vya elektroniki. M23 waliukamata mwaka 2024, na wataalamu wakasema kodi peke yake inawaingizia kama dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba tani zisizopungua 150 zilivushwa kwa magendo kuingia Rwanda. Ninaamini hiyo ndiyo mizizi. Na ninaamini, ingawa sina karatasi ya kuonyesha, kwamba tunanyamaza kwa sababu malori ya Rwanda yanapita bandari yetu ya Dar es Salaam na hatutaki kumuudhi mteja. Kama nimekosea, niambie sababu halisi. Nitafurahi kukosea.

Kuna mzee mmoja hapa aliniambia tusinyooshe kidole, maana na sisi tulifuga wapiganaji. Nilimjibu, na wewe nakuambia vilevile. Kule Mgagao, mkoani Iringa, walifunzwa wapigania uhuru wa Zimbabwe. Lakini Mwalimu hakuwaficha. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, dunia nzima inajua, na tulisema hawa ni wetu, tunawasaidia, wanataka nchi yao. Kama Kigali inaamini M23 wanapigania haki, iseme hawa ni wetu. Inakana hadi leo. Kwa nini sisi tuwasaidie kukana?

Na hili nalisema kama mtu wa Mbeya. Nenda Tunduma asubuhi yoyote uione foleni ya malori ya Kongo. Shaba ya Katanga inashuka na barabara yetu kwenda Dar, mafuta na bidhaa zinapanda. Kutoka Tunduma, Mlowo, Mbalizi hadi Igawa, gesti, gereji, mama lishe, wauza tairi, vijana wanaolinda mizigo, wote wanakula kwa Kongo. Ukitoka Uvira ukiambaa na ziwa kusini unafika Kalemie, na Kalemie ni lango la Katanga. Nasikia sasa wanasema wataondoka Uvira. Waondoke. Lakini walishasema mengi, na mchele wangu uko kwenye depo ambayo sijui mlango wake bado upo.

Wakopeshaji walinipigia jana. Waliongea kwa adabu, wakanipa hadi mwisho wa Januari. Mke wangu ameanza kuhesabu vitu vya ndani bila kunishirikisha, namwona tu akiangalia makabati. Vijana wanne wanaofanya kazi kwenye mashine yangu ya kukoboa nimewaambia wapumzike. Mmoja aliuliza hadi lini. Sikuwa na jibu lake pia.

Mheshimiwa, Kongo tuliipokea wenyewe kwenye Jumuiya mwaka 2022, na makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, nyumbani kwetu. Mwanajumuiya mmoja anamwingilia mwenzake kwa silaha, na sisi wenye nyumba tunasema "pande zote". Sikuombi upeleke askari tena. Wametosha. Sikuombi uvunje uhusiano na Rwanda. Wanyarwanda ni ndugu zetu na wengi wananunua mchele huu huu wa Mbarali. Naomba kikao kijacho, cha Arusha au cha SADC au popote, usimame useme kwa Kiswahili: Rwanda iondoe askari wake Kongo na iache kuwapa M23 silaha. Kwa Kiswahili, kwa sababu Bukavu, Goma na Uvira wataelewa bila mkalimani.

Namba ya yule mama naipiga kila jioni nikishafunga ghala. Siku atakayopokea najua ataniuliza mawili: deni letu limefikia wapi, na Tanzania imesema nini. La deni nitamjibu mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mfanyabiashara wa mpunga na mchele,
Ubaruku, Mbarali,
Desemba 2025.