Tupeni nusu dakika ya kufikiri

Ndugu Mhariri,

Ijumaa iliyopita nilikaa mkekani na wajukuu zangu wawili tukitazama kipindi cha chemsha bongo katika televisheni yetu mojawapo. Kituo sikitaji, maana ninalotaka kulisema linavihusu vingi. Washindani wamebaki wawili, swali ni la mwisho, zawadi iko mezani. Mtangazaji akaanza kusoma, mshindani akabonyeza kitufe, akajibu. "Sahihiii!" Karatasi za rangi zikamwagika. Mjukuu wangu wa darasa la sita alikuwa ameinua mkono kama yuko shuleni, na mkono ukabaki hewani. Akanigeukia: "Bibi, wameuliza nini?" Swali lenyewe hakuwahi kulisikia mpaka mwisho.

Kisha likaja swali letu sisi tulio nyumbani. Mji mkuu wa Tanzania ni upi? A, Dodoma. B, Nairobi. Tuma jibu kwa ujumbe mfupi, na kila ujumbe unakatwa salio. Mtoto akaomba simu, nikamnyima. Nilimwambia kwamba anayekuuliza jambo ambalo kila mtu analijua hataki akili yako, anataka fedha zako.

Naandika kwa uchungu, Mhariri, kwa sababu nimeshaona jambo hili likifanywa vizuri. Nililiona kwa miaka tisa, kila siku ya kazi.

Kuanzia 2007 hadi 2016 nilikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee pembezoni mwa jiji la Chicago, Marekani. Zamu yangu ilianza saa tisa alasiri. Ikifika saa tisa na nusu, chaneli ya 7 inaonyesha Jeopardy!, kipindi cha chemsha bongo, na hapo tena usimguse mtu. Hakuna anayekubali kupimwa presha wala kubadilishiwa shuka. Viti vya magurudumu tulikuwa tumeshavipanga sebuleni nusu duara, wasiosikia vizuri mbele, na wale wanaopenda kubisha tumewatenganisha.

Kipindi hicho ni cha zamani. Alikibuni Merv Griffin, kikarushwa mara ya kwanza Machi 30, 1964. Hiki kinachoendelea mpaka leo kilianza Septemba 1984 kikiendeshwa na Alex Trebek, naye hakukiacha mpaka alipofariki Novemba 2020. Washindani ni watatu. Kwa muda mrefu wa kipindi wanashindana kwa kasi kama hawa wetu: unasikia, unabonyeza, unajibu. Ila swali la mwisho lina utaratibu wake, na huo utaratibu ndio ulionifanya niandike barua hii.

Kwanza inatajwa mada peke yake. Labda ni mito, labda ni wafalme, labda ni vyakula. Swali halijasomwa. Hapo yanaingia matangazo ya biashara, na katika muda huo kila mshindani anaamua ataweka dau kiasi gani katika fedha alizokwisha kujikusanyia. Anaipima mada na kujipima mwenyewe. Matangazo yakiisha, swali linasomwa taratibu, maandishi yake yanabaki kwenye kioo, muziki unapigwa kwa sekunde 30, na watu wanaandika kimya kimya. Hakuna anayemwahi mwenzake. Muziki wenyewe Griffin aliutunga kwanza kwa ajili ya kumbembelezea mwanawe usingizi, na ukiusikia utakubali kwamba hauna haraka ya kukufikisha popote.

Katika sekunde hizo 30, mtu aliye nyumbani ana haki sawa na aliye studio. Swali ni lilelile na muda ni uleule. Sijaona kipindi kingine kinachompa mtazamaji heshima kiasi hicho.

Pale kwetu msimamizi wa sheria alikuwa mzee mmoja aliyehudumu katika jeshi la majini kwenye Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tulikuwa na kopo la biskuti limejaa vifungo vya nguo. Kila mzee alikuwa na vifungo vyake ndani ya kikombe kidogo cha plastiki, vile vikombe vya kugawia vidonge. Mada ikitajwa tu, matangazo yakianza, unasikia vifungo vinakwaruza meza: huyu anasukuma viwili, yule kumi, mwingine anamwaga kikombe kizima. Majibu yaliandikwa nyuma ya karatasi za kuchagulia chakula cha jioni. Anayesema jibu kwa sauti kabla muziki haujaisha ananyang'anywa vifungo vyake vyote, na sheria hiyo haikumwacha hata mkurugenzi alipopita siku moja akaropoka.

Miezi ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kuhesabu vifungo na kuokota vilivyoanguka. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na wazee walinizoea kama mikono ya kuwainua na kuwalaza. Siku moja nilikuta kikombe cha ziada mezani kina vifungo vitano. Yule mzee akasema ni changu.

Sasa nieleze siku ninayoikumbuka kuliko zote, Jumanne ya Februari 15, 2011. Wiki ile kampuni ya IBM ilikuwa imeleta kompyuta iitwayo Watson ishindane na mabingwa wawili wakubwa, Ken Jennings na Brad Rutter. Huyo Jennings mwaka 2004 alishinda michezo 74 mfululizo. Wazee walikuwa na wasiwasi kweli, maana ile mashine ilikuwa inawaacha wenzake mbali mno. Ikafika mada ya mwisho: miji ya Marekani. Swali likasomwa, nalo kwa Kiswahili lilikuwa hivi: uwanja wake mkubwa wa ndege umepewa jina la shujaa wa Vita vya Pili vya Dunia, na wa pili kwa ukubwa umepewa jina la pambano la vita hivyo.

Mimi mambo ya vita vyao sikuyajua. Lakini miezi kadhaa nyuma nilikwenda uwanja wa ndege wa O'Hare, mkubwa wa Chicago, kumsindikiza mwenzangu aliyekuwa anarudi Arusha. Katika jengo la pili la abiria kuna ndege ya kivita imewekwa ndani, ndege iliyoopolewa kutoka chini ya Ziwa Michigan. Ni ya aina aliyoirusha rubani O'Hare, ambaye uwanja unaitwa kwa jina lake. Nilikuwa nimesimama pale nikisoma maelezo yake huku nikifuta machozi ya kuagana. Basi swali liliposomwa, ile ndege ikanijia machoni. Nusu ya pili ya swali sikuielewa hata kidogo. Nikaandika Chicago, nikafunika karatasi kwa kiganja.

Yule mzee baharia aliingilia mlango mwingine. Uwanja wa pili wa Chicago unaitwa Midway, kwa jina la pambano la majini, na Midway kwake ilikuwa bahari, moshi na majina ya wenzake wa mwaka 1942, na ndiyo iliyompeleka kwenye jibu. Mama mmoja pembeni yake hakuhitaji vita wala ndege. Mumewe alibeba mizigo Midway miaka mingi. Tulipofunua karatasi, zote zilikuwa zimeandikwa Chicago.

Jennings na Rutter nao walipata. Ikaja zamu ya mashine, na kwenye kioo likatokea jibu lake: Toronto, na alama tano za kuuliza mbele yake. Mji wa Kanada! Sebule ililipuka. Mzee ambaye kwa kawaida hali mpaka alishwe alipiga meza kwa viganja vyote viwili, vifungo vikatawanyika sakafuni. Mashine ilikuwa imeweka dau la dola 947 tu, kwa hiyo haikuumia, na mchezo ulipomalizika kesho yake iliibuka mshindi kwa dola 77,147, wakati Jennings alikuwa na 24,000. Yote hayo ni kweli. Lakini jioni ile niligawa dawa kwa watu waliokuwa wanaongea kitanda kwa kitanda, wanasimuliana walivyolifikia jibu.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja kuhusu swali zuri la mwisho: lazima liwe na milango zaidi ya mmoja. Mtu akikosa kuingilia kwa vita, aingilie kwa safari. Akikosa safari, aingilie kwa kazi ya mumewe. Swali lenye mlango mmoja ni la kumbukumbu tu, unajua au hujui, na nusu dakika haitakusaidia chochote. Hata bingwa Jennings hakuangushwa na historia wala sayansi. Novemba 30, 2004 aliulizwa kampuni ambayo wengi wa watumishi wake 70,000 wa msimu, watu wa kazi za ofisini, hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Aliandika FedEx. Ilikuwa H&R Block, wanaowaandalia watu hesabu za kodi. Bibi mmoja pale kwetu, aliyekuwa akijaza fomu za kodi za majirani zake, alinisimulia habari hiyo labda mara ishirini, na kila mara macho yake yaliwaka.

Wasije watayarishaji wakaniambia haya ni ya Wamarekani. Mimi nimezaliwa Pangani. Tukimaliza kula usiku, bibi yetu alikuwa akisema "Kitendawili!" nasi tunaitika "Tega!" Akishatega ananyamaza. Ule ukimya ulikuwa mtamu na ulikuwa mrefu. Unasikia mawimbi, unasikia mwenzako anavyopumua, kila mmoja anahangaika na lake kichwani. Ukijaribu ukakosa, hakukukejeli, alisubiri mwingine. Tukishindwa wote anasema "Nipeni mji." Tulimpa Tanga, akaukataa. Tulimpa Mombasa, akaukataa. Tulimpa Unguja, akaupokea, akajisimulia raha alizozikuta huko, halafu ndipo anatufungulia jibu. Kumbe dau lilikuwapo, na muda wa kufikiri ulikuwapo, kabla hapajakuwa na televisheni. Tulikuwa nacho kitu hiki, kisha tulipopata vioo tukakiacha nje ya mlango.

Ninaloomba ni dogo. Swali la mwisho litanguliwe na mada. Matangazo ya biashara yawekwe hapo, kati ya mada na swali. Najua muda wa hewani ni fedha, na wenye vituo wataniambia nusu dakika ya kimya ni hasara, lakini hapo ndipo hakuna atakayeshika rimoti, kwa sababu watu wanaweka madau na kutambiana. Kisha swali lisomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, maneno yabaki kwenye kioo ili hata asiyesikia alisome, na mshindani aandike badala ya kuwahi kitufe. Sekunde 30. Wapigiwe marimba, wapigiwe zumari, wapigaji tunao. Na maswali watungiwe na walimu, mabaharia, wakunga, madereva wa malori, watu walioona mambo. Redio nazo zinaweza. Sauti na ukimya vinazitosha kabisa.

Jumamosi nilijaribu nyumbani. Nilizima televisheni, nikaweka simu zote kwenye kapu, nikagawa komwe za bao, kumi kwa kila mtu. Jirani yetu, mzee aliyekata mkonge mashambani tangu ujana wake, alikuwa amekuja kuazima pampu ya baiskeli, akavutwa naye akaketi. Nikataja mada: mazao ya biashara. Mjukuu wangu mkubwa akaweka komwe zote kumi. Mdogo wake, yuko darasa la nne, akaweka tatu. Mzee akaweka tano.

Swali nililitunga mwenyewe: miche 1,000 ya zao hili ilitumwa kutoka Florida, Marekani, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani mwaka 1893. Nikatazama mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani. Yule mkubwa aliandika, akafuta, akaandika tena. Mdogo alikuwa anatazama dari na midomo inacheza. Mzee alishika kalamu bila kuandika mpaka sekunde za mwisho.

Mkubwa aliandika machungwa, na hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu: nimewahi kuwaambia kwamba Florida kuna machungwa mengi, na Muheza kwetu ndiyo machungwa yenyewe. Mdogo aliandika mkonge. Nilipomuuliza amejuaje, alisema basi la kwenda Pangani linapita kwenye mikonge mpaka unachoka kuiona.

Mzee naye aliandika mkonge. Lakini komwe alizoshinda hakuzichukua. Alibaki na karatasi mkononi, akaniuliza, "Sitini na miwili tu, mama?" Nikamwambia ndiyo, sitini na miwili. Akasema amekata mkonge miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kumwambia ulitoka wapi.

Mkubwa amepoteza komwe zake zote. Ameniomba niandae swali jingine Jumamosi ijayo, na mzee amesema atakuja.

Msomaji wenu,
Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga