Barua ya wazi kwa vijana wa milango ya fahamu: ombeni kwa swali, msiombe kwa shida

Wanangu mliomaliza PhD na mnaokaribia kumaliza, wa SUA, wa Mlimani, wa Muhimbili, wa Nelson Mandela pale Arusha, na nyie wa Nairobi na Makerere, shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba.

Wiki hii nimesoma barua nne za kuomba postidoki, yani nafasi ya utafiti ya muda baada ya PhD, zimeletwa na wanafunzi wangu wa zamani na rafiki zao, wote wanataka kwenda kujinoa kwenye mambo ya hisi, mmoja harufu, mmoja kusikia, wawili maumivu. Zote nne zimeanza vilevile. Mimi ni kijana mwenye bidii, natoka nchi yenye changamoto nyingi, nitashukuru sana nikipewa nafasi hii ya kujiendeleza. Ziliniuma, maana hawa watu nawafahamu, najua walichokifanya maabara na porini, alafu kwenye barua hakimo. Mtu kakaa miaka minne anahangaika na masikio ya watoto waliougua homa ya uti wa mgongo, kapima mamia ya watoto kwa mashine mbovu inayozimika umeme ukiyumba, ukisoma barua yake unakuta bidii na shukrani tu.

Ndo maana naandika hadharani, sababu najua mko wengi. Ombeni kwa swali, msiombe kwa shida. Profesa anayesoma barua yako hana njia ya kupima shida yako na wala siyo kazi yake, ila akikuta swali ambalo hajawahi kulifikiria ataacha chai ipoe.

Nasema hivyo kwa sababu mie mwenyewe nilikosea hapo hapo. Nilisomea mbung'o. Mwaka 1994 niliandika barua 31 kwenda Ulaya na Marekani, za stempu enzi zile, zote zinafanana nimebadilisha jina la juu tu, na moja nikasahau hata hilo jina nikamwandikia huyu kwa jina la yule. Nikajibiwa mbili, zote hapana. Hela ya stempu ilikuwa ya mke wangu, hilo sijalisahau mpaka leo.

Barua ya 32 niliiandika tofauti, na sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimerudi porini nimechoka, kichwani nina jambo moja tu: kule tulikokuwa tunatega, kuro, wale swala wakubwa wa kando ya maji, walikuwepo wengi, wanatembea mle mle kwenye mbung'o, lakini tukipima damu iliyomo tumboni mwa mbung'o tunakuta ya nyati, ya ngiri, ya kuro karibu hakuna. Mnyama mkubwa, damu ipo, yupo pale pale, kwa nini wanampita? Nikaandika hivyo hivyo. Nikasema nadhani ni harufu, nikasema kwanini nadhani hivyo, nikasema huku sina kifaa cha kurekodi umeme wa antena za mbung'o, zile anazonusia, na nyie mnacho, na mie naweza kuwaletea mbung'o na uzoefu wa porini. Ukurasa mmoja na robo. Baada ya wiki sita jibu la profesa likaja lina maswali matano. Hakunisifia bidii, aliniuliza maswali matano, na mie nikajua hapa nimepata mtu.

Hilo la kuro wengine walilifikisha mbali kuliko mie. Watu wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, waliichambua harufu yake, wakatengeneza dawa ya kufukuza mbung'o, wakawavisha ng'ombe kola zenye ile dawa kule Shimba Hills, Kwale, na nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o, ikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Limeanzia kwenye kitu ambacho mchungaji yeyote wa maeneo yale angekwambia.

Sasa nyie mnaniambia mwalimu, sina swali. Unalo! Umekaa juu yake. Panya buku wa APOPO, lile shirika linalofundisha panya kunusa, wako Morogoro pale pale SUA, wanafundishwa kunusa TNT, ile baruti ya mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa TB, panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo fundi wa maabara na hadubini yake inaweza kumchukua mpaka siku nne. Huyo panya ananusa nini hasa kwenye yale makohozi? Kemikali moja au mchanganyiko? Kijana wa SUA aliyewahi kushika wale panya kwa mikono yake anasimama mbele ya maabara yoyote ya kunusa duniani bila woga.

Nyie wa Kenya mna fuko uchi, kale kapanya kasiko na manyoya kanakoishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 2008 watafiti wa Berlin na wenzao wa Chicago walionyesha kwamba hakaonyeshi maumivu ukikadunga tindikali wala ile kemikali ya pilipili, kapsaisini. Na pilipili hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha David Julius kwenye kipokezi cha joto kali kinachoitwa TRPV1, akapata Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian aliyetafuta vipokezi vya mguso. Pilipili! Kitu kiko kwenye kachumbari yako kila siku.

Na wale wa mbu, wa taasisi ya afya ya Ifakara na kwingine, mnajua Anopheles gambiae anavutwa na harufu ya miguu, kuna Waholanzi walionyesha anavutwa hata na jibini ya Limburger kwa sababu bakteria wa ile jibini ni ndugu na wa vidole vya miguu. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa Macha kule Zambia, walijenga uwanja wa neti wa mita za ujazo 1,000, wakaleta kwa mabomba hewa kutoka kwenye mahema wanamolala watu, wakaona mbu anavyochagua nani wa kumfuata usiku. Kazi kubwa ya sayansi ya hisi, imefanyikia kijijini Zambia. Kwahiyo msiandike kwamba mnatoka mahali pasipo na kitu.

Haya, tuje kwenye mambo ya makaratasi ambako wengi mnapigia mwamba.

Soma kwanza nafasi inalipwa na mfuko gani, kabla hujaandika hata mstari mmoja. Kijana wangu mmoja mwaka juzi kakesha wiki tatu, kanunua mabando, kasumbua watu watatu wamwandikie barua za mapendekezo, kwenda kusoma chini kabisa ya tangazo imeandikwa raia wa Marekani au mwenye makazi ya kudumu tu. Hiyo ilikuwa T32, hela za mafunzo za NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya. Nyingi ya nafasi za Marekani zinazotangazwa kama mafunzo ya postidoki ya kusikia, kunusa na kuonja zinatoka huko, na F32, ile NIH inayompa mtu mmoja mmoja, nayo ni hivyo hivyo. Lakini sikilizeni, kwenye maabara hiyo hiyo kunaweza kukawa na postidoki wawili meza moja, mmoja analipwa na T32, mwingine analipwa na granti ya kawaida ya profesa, na hii ya pili haiulizi uraia. Kwahiyo tangazo likikukataa usifunge laptopu. Mwandikie profesa moja kwa moja, muulize kistaarabu kama ana mfuko mwingine. Ukishafika na ukafanya kazi vizuri kuna K99, granti ya NIH ya kukuvusha kutoka postidoki kwenda kuwa na maabara yako, hiyo asiye raia anaruhusiwa kuomba, ila usichelewe maana wanahesabu miaka minne tangu uanze postidoki.

Ulaya kuna Marie Curie, ufadhili wa postidoki wa Umoja wa Ulaya, hii haiangalii utaifa kabisa. PhD yako isizidi miaka 8, na usiwe umeishi kwenye nchi unayoiomba zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 ya mwisho. Mtu aliyeko Morogoro anaanza na faida hapo, mnaona? Ushindani upo sana, mwaka 2024 yalipelekwa maombi 10,360 wakapita 1,696, ndo maana unamtafuta profesa wa kukupokea mwezi wa tatu au wa nne, dedilaini ni mwezi wa tisa, na andiko mnaliandika wote wawili. Ukimtafuta mwezi wa nane anakuonea huruma tu. Kuna na HFSP, mfuko wa kimataifa wa sayansi ya viumbe, ya miaka mitatu, hao wanataka uhame nchi na uhame na fani, yani ulikuwa wa mbu sasa unataka kwenda kwenye ubongo, ni ya watu wenye uthubutu.

Maabara mtazipata wenyewe, ila wa harufu msisahau kituo cha Monell cha Philadelphia, kipo tangu 1968 kazi yao ni kunusa na kuonja, na taasisi ya Max Planck ya Jena kule Ujerumani yenye watu wa wadudu na harufu. Kabla hujaandika, soma makala zao tatu za karibuni mpaka mwisho, hasa pale mwishoni wanapokiri wameshindwa nini. Swali lako likigusa pale waliposhindwa umeshaingia ndani.

Barua za mapendekezo. Msimpe profesa siku mbili, mpeni mwezi, na mpelekee karatasi ya nusu ukurasa inayomkumbusha ulifanya nini maabara, maana ana wanafunzi 60 na atakuandikia alikuwa mtiifu na anafika kwa wakati. Utiifu hausaidii kitu pale. Aandike kwamba siku sampuli zilipoharibika ulirudia zote kwa wiki mbili. Na kama anasitasita kukuandikia, mshukuru, tafuta mwingine.

Kwenye intavyuu ya Zoom watakuuliza ulifeli wapi. Waambieni ukweli. Nimekaa upande wa pili wa ile meza mara nyingi, anayesema kila kitu kilienda sawa tunaanza kuwa na wasiwasi na data zake.

Hela nazo msione aibu kuuliza. Kiwango cha NIH cha anayeanza kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka 2024, ukiisikia kwa shilingi unaweza ukapiga makofi, lakini uliza kodi ya nyumba ya mji ule, uliza bima ya familia, uliza viza ya mwenzi wako inaruhusu kazi au hairuhusu. Na viza ya J-1, ambayo postidoki wengi wa Marekani huingilia nayo, isome vizuri, wengine wanatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza, ujue kabla hujasaini. Mabinti mnaoniandikia inbox mkiuliza mtoto mchanga mtamfanyaje, ulizeni hilo swali kwa profesa baada ya kupewa nafasi na kabla ya kukubali, jibu lake litakuonyesha utaishije mle ndani.

Mtakataliwa, tena sana. Yule mkemia Butenandt wa Ujerumani alichambua nondo wa hariri kama nusu milioni, karibu miaka 20, mpaka mwaka 1959 akapata kemikali moja ya harufu. Barua unayokataliwa leo inakuuma kwa sababu umeiandika ya jumla, ukituma ya swali lako hata wakikataa wanakukumbuka, mie aliyenikataa mwaka 1994 ndo aliyenialika mkutanoni mwaka 1999.

Sasa nyie wanne mlioniletea barua, na wengine mnaotaka, futeni aya ya kwanza yote. Andikeni upya kwa kuanza na kitu mlichokiona kwa macho yenu au kukisikia au kukinusa ambacho bado hamjakielewa. Ukurasa mmoja, usizidi. Kwa Kiswahili kwanza kama Kiingereza kinawabana, tutahamisha baadaye. Nileteeni kabla ya Ijumaa, mchana nakuwa barazani na miwani nimeshapata mpya.