Sifuri ya wino mweusi

Rafiki yangu Zuberi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mvua imetufungia ndani siku ya tatu leo, ndiyo maana unapata jibu refu.

Umeniandikia kwamba habari za Yesu kwenye kitabu cha Josephus zimeghushiwa, basi mjadala umekwisha. Taratibu, ndugu yangu. Unalikumbuka daftari la michango ya harusi ya dada yako? Mtu aliongeza sifuri kwenye 5,000 kwa wino mweusi, na kurasa zote zilikuwa za wino wa bluu. Hatukulichana. Tulimwita shangazi yako, aliyelisoma kabla, akatuambia alichokiona.

Josephus alikuwa Myahudi wa karne ya kwanza; akiwa Roma aliandika historia ya watu wake, akaimaliza mwaka 93 au 94. Kitabu cha 18 cha historia hiyo kinasema juu ya Yesu: "Huyu alikuwa Kristo." Aseme hivyo mtu ambaye hakuwa Mkristo? Wino mweusi huo. Na shangazi yetu hapa ni Origen, msomi wa Kikristo wa karne ya tatu. Alimsoma Josephus, akaandika kwamba hakumkubali Yesu kuwa ndiye Kristo. Mkristo angeuficha mstari mtamu kama ule kwa faida gani? Karne ya nne, kwa Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa, ndipo tunaukuta. Ukiifuta sifuri, wanahistoria wengi wanaona 5,000 imebaki: mwalimu aliyesulubiwa kwa amri ya Pilato, na wafuasi wake hawakutoweka. Wapo wanaoukataa ukurasa mzima, nami siwacheki.

Lakini kinachonigusa zaidi kiko kitabu cha 20. Mwaka 62, liwali mmoja wa Kirumi amekufa, mwingine yuko njiani, kuhani mkuu Ananus akaona ndiyo nafasi yake. Akawatoa watu wapigwe mawe, mmojawao Yakobo, "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo". Josephus hapo hana habari na Yesu hata kidogo. Anaeleza jinsi Ananus alivyopoteza cheo. Ila akina Yakobo walikuwa wengi, akina Yesu nao vilevile (aliyepewa ukuhani mkuu baada ya Ananus aliitwa Yesu mwana wa Damneus!), kwa hiyo ilibidi amtambulishe. Ni kama tunavyosema "Juma, yule mdogo wake Salehe fundi redio". Hapo nani anampigia debe Salehe? Halafu hilo "aitwaye". Mkristo wa kuchomeka maneno asingeandika kwa ubahili hivyo.

Ufufuko siuoni humo, na sidai kuuona. Mchungaji wangu hapendi nikisema hivyo, lakini kitabu cha Josephus hakikuulizwa swali hilo.

Tacitus, yule mwanahistoria wa Kirumi, tumweke hadi uje likizo. Na lile daftari njoo nalo, mama yako anasema bado lipo kabatini.

Wako,
Deo