Risala ya Kamati ya Maliasili ya Kijiji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Kupima Msitu kwa Simu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji,
Ndugu Mtendaji wa Kijiji, wazee wetu, wakufunzi, majirani zetu, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Karibu sana Kilwa. Tunakushukuru kwa kukubali kufika hadi huku kwetu. Barabara yenyewe umeiona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wajumbe 12 wa Kamati ya Maliasili, wanawake 5 na wanaume 7. Kwa siku 10 tumejifunza kupima mpaka wa msitu wetu, kuhesabu miti na kuandika taarifa za doria kwa simu hizi za kawaida za mkononi, tukitumia programu ya ramani iitwayo QField ambayo ni ya bure. Wengi wetu tuliingia darasani tukiijua simu kwa kupiga na kutuma pesa.

La kwanza lililotushangaza ni kwamba simu haihitaji mtandao ili ijue ilipo. Inapokea mawimbi ya setilaiti na kupiga hesabu yenyewe, hata ukitoa laini. Kinachohitaji bando ni kupakua picha ya ramani, na hilo tunalimaliza jioni tukiwa senta, kabla ya kuingia porini. Kumbe miaka yote walinzi wetu walikuwa wakijisumbua bure kupanda vichuguu kutafuta mtandao!

Tumejifunza pia kuidhibiti. Mahali peupe simu inakosea mita chache tu, kama 5 hivi, lakini chini ya mikongo yenye majani mengi alama inarukaruka kama panzi, kwa hiyo unasimama, unasubiri itulie, ndipo unaandika. Ukitumia dira ya simu, panga liweke mbali, kwa sababu chuma kinaipotosha. Na mwenzetu mmoja, ambaye leo anajificha safu ya nyuma, alisahau kuweka alama ya kutoa, inayoonyesha kusini, mbele ya latitudo, yaani namba ya umbali kutoka ikweta. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwenye nyuzi 8 na 9. Bila alama ile, msitu wetu wote ulihamia Ethiopia, si mbali na Addis Ababa.

Mheshimiwa, hilo tulilicheka. La siku ya nne hatukulicheka. Tulikuwa na ramani ya zamani ya karatasi, ya 1:50,000, yaani sentimita moja ni mita 500 ardhini, ambayo ndiyo hutolewa kabatini kila mpaka ukibishaniwa. Tulisoma namba za mpaka kwenye karatasi hiyo, tukaziingiza kwenye simu, tukazifuata. Simu ikatufikisha katikati ya mashamba ya ufuta ya kijiji jirani. Wenye mashamba wakatoka. Maneno yaliyosemwa hatuyarudii, maana majirani zetu tumewaalika na wamo humu ndani.

Aliyetuokoa ni mzee wetu mmoja ambaye hana simu kabisa. Alituuliza, "Hiyo simu na ule mbuyu, kipi kilianza kuwepo?" Akatuongoza hadi kwenye mbuyu ambao vijiji vyote viwili vinakubali kuwa ni alama ya mpaka. Tulipoupima kwa simu, tukaona namba zake na zile za karatasi zinapishana kwa karibu mita 300. Ndipo mkufunzi akatufafanulia kwamba ramani zile zilichorwa kwa kipimo cha dunia kinachoitwa Arc 1960, na simu inatumia kingine, WGS 84. Namba ni zilezile, lakini zinaangukia mahali pawili. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni milimita 6, ncha ya kidole inaifunika. Ardhini, na hasa kwa kuwa inavuta zaidi upande wa kaskazini na kusini, mpaka wa kilomita 2 unaokwenda mashariki na magharibi unaweza kumeza hekta 60 za watu. Dawa yake ni kuijulisha programu kuwa namba hizi ni za Arc 1960, nayo inazigeuza yenyewe. Ni kazi ya dakika moja, na ilitaka kutupiganisha.

Baada ya hapo tulipima mpaka wote kwa kutembea na wazee wa pande zote mbili, kila alama wakikubaliana kwanza ndipo kitufe kibonyezwe.

Kuhesabu miti kulikwenda vizuri. Tulipima viwanja vya duara, mita 15 kutoka katikati, na kila mpingo ulipimwa unene kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3. Hesabu hii tunaihitaji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, lakini kuvuna kunafuata mpango, na mpingo haukui kwa haraka. Ukikata bila kujua kilichobaki, umekula mbegu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo pia manung'uniko, na tunaomba utuvumilie. Wakufunzi hawa si wa kwanza kuja kupima hapa. Waliwahi kuja wengine, tukawabebea vifaa, tukawaonyesha njia na vyanzo vya maji, wakajaza data, wakaondoka. Hadi leo hatujaona hata karatasi moja. Kijiji kimepimwa, na kijiji hakina ramani yake.

Kwa hiyo ombi letu kubwa si simu. Simu 4 tulizoachiwa zinatosha, ingawa pawabenki mbili na sola ndogo zitatusaidia, kwani doria ya siku mbili inamaliza chaji. Tunaomba ofisi yako itusaidie kuchapa ramani hii kubwa, yenye majina ya mito na vilima kama tunavyoviita sisi, ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, na nakala nyingine wapewe majirani zetu. Tunaomba pia data yenyewe ibaki hapa, na anayeitaka aje aiombe kwenye serikali ya kijiji.

Baada ya chakula, kama ratiba yako inaruhusu, tutafurahi utembee nasi hadi kwenye ule mbuyu. Ni dakika 20 kwa miguu. Mzee ameshatangulia.

Tunaomba kuwasilisha.