Injini ya 1HZ katika Land Rover iliyokatwa: breki zitangulie

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi inayofanywa na baadhi ya mafundi wetu wa Masasi na Newala, ya kuzikata Land Rover kuukuu za 109 ziwe fupi kama 88 (namba hizi ni inchi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma), kisha kuzifunga injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ.

Sababu zake nazielewa. Gari fupi hupinda kwa urahisi kati ya mikorosho na halikwami tumbo kwenye makorongo, na ile injini ya zamani ya lita 2.25, yenye nguvu za farasi zipatazo 70 kwa petroli na pungufu ya hapo kwa dizeli, hutoka jasho kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde. 1HZ ina silinda sita na lita 4.2, na hapa kwetu fundi anayeijua hatafutwi kwa tochi. Kwa hiyo sina ugomvi na anayetaka nguvu. Ugomvi wangu ni utaratibu wa kazi, kwa maana injini hufungwa kwanza kwa kuwa ndiyo mteja anayoisikia, na mengine huambiwa yatatazamwa baadaye.

Kutoka 109 hadi 88 ni kuondoa inchi 21 za chesisi, yaani sentimita 53. Gari linapofunga breki uzito hukimbilia mbele, na kwa uzito na kimo kilekile, gari lililofupishwa kiasi hicho huhamishia mbele karibu robo zaidi ya lilivyofanya likiwa refu, hivyo magurudumu ya nyuma hubaki mepesi, hujifunga mapema, na mkia hutaka kutangulia. Ngoma za breki za inchi 11 za 109 ni kubwa kuliko za inchi 10 za 88 halisi, hilo nalikubali, lakini dereva aliyezoea kwenda kilomita 60 kwa saa akianza kwenda 90, breki zinatakiwa kumeza nishati zaidi ya maradufu.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye ekseli. 1HZ husokota kwa nyutoni-mita 285 hivi, wakati injini ya petroli iliyotolewa haifiki 170. Anayebakiza giaboksi na difu (gia za katikati ya ekseli) za Series III, yaani toleo la tatu la Land Rover hizi za zamani, anapaswa kujua kwamba katika gia ya kwanza ya mwendo mdogo msokoto huo huzidishwa takriban mara 40 kabla haujafika kwenye shafti za magurudumu. Katika mchanga tairi huteleza na shafti hupona. Tairi ikishika mzizi au jiwe ghafla, shafti ndiyo hukatika. Sasa, breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, bali hushika propela, yaani mhimili unaopeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma, pale nyuma ya giaboksi. Shafti moja ya nyuma ikikatika, difu huzunguka bure, na dereva aliyesimama katikati ya mlima wa Rondo, bila kuunganisha ekseli ya mbele, huvuta breki ya mkono isiyozuia chochote. Atabaki na breki ya mguu peke yake.

Kwa upande wa sheria, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuibadili bila kuiarifu Mamlaka ya Mapato (TRA) hugundulika. Lakini kukata chesisi katikati hakubadili namba yake, hivyo kadi haitaonyesha kitu. Gari moja nililolichungulia chini lilikuwa limekatwa wima na kuunganishwa ncha kwa ncha, bila bamba la kuimarisha, kisha kiungo kikasagwa laini na kupakwa rangi nyeusi. Aliyelinunua hakuwa na habari. Naomba askari wa usalama barabarani wa Mtwara na Lindi, wanapokagua magari kabla ya kutoa stika za Nenda kwa Usalama, wawe na futi kamba. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, 109 ina sentimita 277. Ikipungua, mkaguzi aingie chini ya gari.

Mafundi nao, ambao mikono yao siitilii shaka, wamwambie mteja bei ya breki na shafti kabla ya kutaja bei ya injini. Asiyeimudu jumla hiyo abaki na 109 yake nzima, ambayo bado hupanda Rondo, ingawa kwa gia ya pili.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara