Java ya seva isichaguliwe kwa mazoea

Mhariri,

Naomba nafasi nisemee jambo linalotusumbua sana sisi tunaoshughulika na seva hapa Dodoma. Tangu ofisi zihamie huku kila mtu anataka mfumo wa kutafuta barua na majalada kwa haraka, kitu kizuri kabisa, na mara nyingi fundi anaweka Elasticsearch au Solr. Shida inaanzia kwenye Java, ile programu ya chini ambayo hizo mbili zinawaka juu yake. Mtu anadaunilodi iliyo mpya kuliko zote, au anaiacha ya zamani aliyoikuta kwenye mashine, afu programu inagoma kuwaka na lawama zote zinaenda kwa mtandao na umeme.

Jamani masharti yameandikwa wazi. Solr 8 inatosheka na Java 8, Solr 9 inataka 11 kwenda juu. Elasticsearch 8 inataka Java 17, ila tangu 7.0 ya mwaka 2019 inakuja na Java yake humohumo ndani na hiyo ndo ya kutumia. Lakini angalieni, kwenye hizo za 7 kama seva ilishasetiwa JAVA_HOME, yaani setingi inayoonyesha Java ya kutumia iko wapi, kwa ajili ya mfumo mwingine, tuseme wa mishahara, Elasticsearch inaifuata hiyo na kuiacha ya kwake. Wengine wanakopi faili la setingi la miaka ya nyuma lenye mstari wa CMS, kile kisafisha memori kilichoondolewa kwenye Java 14 mwaka 2020, wakiliweka chini ya Java 17 haiwaki kabisa.

Na mpya sio lazima iwe salama. Java 7 ilipotoka Julai 2011 watu wa Apache, wanaotengeneza Solr, walitoa onyo palepale, maana ilikuwa na kasoro ya kukosea mahesabu ya kwenye luupu, zile hatua za programu zinazojirudia, na ingeweza kuharibu indeksi za Lucene, yaani ile orodha inayotumika kutafutia, na Lucene ndo injini ya Solr na Elasticsearch zote mbili.

Seva ikigoma kuwaka mimi naona afadhali, si unaona tatizo. Inayonitisha ni ile inayowaka vizuri huku indeksi imeharibika, mwananchi katoka Mpwapwa au Kondoa kufuatilia hati ya kiwanja chake, katumia nauli, katumia siku nzima, anaambiwa jalada lako halipo na kumbe lipo.

Nawaomba wanaoandika zabuni wataje vesheni ya programu ya kutafutia na ya Java pamoja, sio kuandika tu "Java ya kisasa". Na wanaotunza hizo seva wasiapdeti Java ya mashine nzima kabla ya kujaribu kwenye mashine ya pembeni yenye nakala ya indeksi, watafute majalada wanayojua yapo waone kama yanatoka yote.

Fundi mifumo,
Area C, Dodoma